Runinga kubwa msimu wa ofa: ununue Kisumu mjini, mtandaoni, au uagize Luthuli?

Kabla hujalinganisha asilimia za punguzo, tafuta namba ya modeli. Imeandikwa ubavuni mwa boksi na kwenye kibandiko kilicho nyuma ya runinga yenyewe. Hiyo peke yake ndiyo itakayokuambia kama TV ya inchi 55 iliyo dukani Oginga Odinga Street ni ileile uliyoiona Jumia jana usiku, au ni toleo la miaka mitatu iliyopita lenye sura inayofanana. Bila namba hiyo unalinganisha matangazo tu, na Novemba kila tangazo linasema limepunguza.

Haya nimeyaandika kwa mtu aliye Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega au Nakuru, aliyeweka pesa kidogo kidogo mwaka mzima na sasa anataka runinga kubwa sebuleni kabla watu wa Nairobi hawajafika nyumbani kwa Krismasi. Njia anazo nne: duka la mjini, maduka ya mtandaoni, kuagiza kutoka Luthuli Avenue kule Nairobi, au kuchukua kwa lipa polepole. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa walio wengi huku kwetu, inchi 55 ya kampuni yenye kituo cha huduma unachoweza kukifikia, iliyowashwa mbele ya macho yako kabla hujalipa, inaishinda inchi 65 ya bei hiyohiyo ambayo ikiharibika hujui pa kuipeleka. Ziko hali ambazo zinanifanya nibadilishe kauli, na nitazitaja.

Namba ya modeli inasemaje

Chukua mfano wa Samsung. Kwenye namba kama UA55DU7000, ile 55 ni inchi, na herufi D inayofuata ni mwaka: A ni 2021, B ni 2022, C ni 2023, D ni 2024. Ile 7000 ni daraja, na 8000 iko juu yake. LG nao wana mtindo wao: kwenye runinga zao za kawaida za 4K, UP ni za 2021, UQ za 2022, UR za 2023, UT za 2024. Hisense wanabadilisha herufi ya mwisho: A6H ilikuwa ya 2022, A6K ya 2023, A6N ya 2024, A6Q ya 2025. Ukishazijua herufi hizi, hakuna muuzaji wa kukuambia "hii ndiyo mpya kabisa, mkubwa" ukashindwa kumjibu.

Mwombe aigeuze. "Nionyeshe kibandiko cha nyuma, boss." Muuzaji anayejua kazi yake ataigeuza bila kununa, na utaona mistari midogo: modeli, namba ya mfululizo (serial number) ya mashine hiyo moja, volti, wati. Piga picha. Kisha simama palepale dukani, uandike modeli hiyo kwenye simu na uone wengine wanaiuza kwa ngapi. Dakika tano hizo zina faida kuliko wiki nzima ya kuangalia mabango.

Toleo la mwaka uliopita si baya hata kidogo. Kampuni kubwa huonyesha runinga zao mpya kila Januari kule Las Vegas, kisha mzigo unasambaa duniani mwaka ukiendelea, kwa hiyo ikifika Desemba rafu nyingi zina matoleo ya miaka miwili au mitatu pamoja. Duka linataka kuondoa la zamani, na hapo ndipo punguzo la kweli hupatikana. Kwenye daraja la chini tofauti ya mwaka mmoja na mwingine ni ndogo, huenda hata usiione kwa macho. Ninachokataa ni kulipa bei ya 2025 kwa runinga ya 2023. Na ukipata ya daraja la juu ya mwaka jana kwa bei ya daraja la chini ya mwaka huu, chukua ya mwaka jana.

Duka la mjini na mtandao

Kwa Kisumu mjini, tembea Oginga Odinga Street na barabara zinazoikata, kisha upite Mega City, West End na United Mall. Nakuru ni Kenyatta Avenue na Westside Mall. Supamaketi kama Naivas nazo huuza runinga, na ukiwa Kakamega, Bungoma au Kitale kuna Khetia's. Tofauti yao na maduka ya barabarani ni kwamba supamaketi bei imeandikwa na imekwisha, lakini duka la barabarani bei ni mazungumzo. Huko ukishindwa kushusha shilingi, shusha kwa vitu: breketi ya ukutani, gadi ya TV (kifaa cha kuikinga na stima mbaya), kebo ya HDMI, usafiri hadi nyumbani. Mwenye duka akikataa kukupunguzia elfu mbili, mara nyingi atakubali kukupa breketi na kuifunga, kwa sababu yeye ameinunua kwa bei ya jumla.

Jumia na Kilimall zina uzuri ambao duka halina: bei zote ziko wazi, na unaweza kuzifuatilia kuanzia Septemba bila mtu kukuuliza unataka nini. Fanya hivyo. Piga picha ya skrini ya modeli unayoitaka mapema, kabla ya Black Friday kuanza. Novemba ikifika na bei iliyokatwa kwa mstari ikawa juu kuliko ile uliyoipiga picha, basi hilo punguzo limehesabiwa kutoka kwenye bei ambayo wewe hukuiona. Bei iliyokatwa kwa mstari ni madai ya muuzaji. Picha yako ya Septemba ndiyo ushahidi.

Angalia pia ni nani hasa anayeuza. Kwenye ukurasa mmoja unaweza kukuta duka rasmi la kampuni, na chini yake muuzaji wa kujitegemea mwenye bei ndogo zaidi. Dhamana ya wawili hawa si lazima ifanane. Soma masharti ya kurudisha mzigo kabla hujabonyeza chochote, na uangalie ada ya kuleta mzigo mkubwa hadi Kisumu, maana mara nyingi haifanani na ya Nairobi. Kuna ofa ambazo zinakuwa ofa kwa mtu wa Umoja au Rongai, lakini zikifika Maseno ada ya usafiri imezila zote.

Jambo linalonifanya niegemee duka la mjini ni kioo. Runinga kubwa ni kioo chembamba ndani ya boksi la karatasi, na kioo kikipasuka, bei ya kukibadilisha huwa karibu na bei ya runinga mpya. Dhamana za kampuni hazilipi kioo kilichopasuka. Ukinunua dukani, unaiona ikiwaka kabla hela haijatoka. Ukinunua mtandaoni, sharti uifungue na kuiwasha mbele ya aliyeileta, na si kila anayeleta ana subira hiyo wakati wa msimu akiwa na mizigo mingine kumi. Kama anakuruhusu kuifungua na kuiwasha kabla ya kulipa au kutia sahihi, mtandao unarudi kwenye mashindano. Kama anasema "weka sahihi kwanza, utaangalia baadaye", mrudishie boksi lake.

Luthuli

Kila mtu huku ana binamu Nairobi wa kumwambia bei ya Luthuli. Na ni kweli, maduka ya barabara ile yamebanana, yanagombania mteja mmoja, na bei huwa chini. Swali ni kiasi gani kinabaki mzigo ukishafika kwako.

Tuseme modeli moja ni 58,000 Kisumu na 53,000 Luthuli. Hizi ni namba za mfano tu, weka zako. Kutuma kwa basi 1,500, kufungasha vizuri kwa mbao 500, kuitoa steji ya basi hadi nyumbani kwa Probox 700. Hapo zimeondoka 2,700, umebaki na faida ya 2,300. Kwa hizo 2,300 umeacha haki ya kurudi dukani kesho asubuhi kwa tuktuk ukiwa na malalamiko. Umechukua pia hatari ya barabara ya karibu kilomita 350, kwenye basi la Desemba lililojaa magunia na masanduku. Ofisi nyingi za vifurushi huandika kwenye risiti kwamba vitu vya kuvunjika vinasafiri kwa hatari ya mwenyewe. Kwangu hiyo si biashara.

Ila hesabu hiyo hubadilika kwenye runinga kubwa sana. Ukitafuta inchi 75 au 85, Kisumu utapata modeli chache na tofauti ya bei inaweza kuwa makumi ya maelfu. Hapo Luthuli ina maana, mradi mtu unayemwamini aende mwenyewe, aiwashe, alipe kwa till yenye jina la duka lililo kwenye risiti, na aione ikifungwa. Usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi kwa sababu ya video nzuri uliyoiona TikTok au Facebook. Duka la kweli lina till, lina risiti, na linakubali mtu wako afike.

Kwa mtu wa Nakuru mambo ni tofauti. Nairobi iko kilomita 160 hivi. Unaweza kwenda asubuhi na gari la rafiki, ukajaribu mwenyewe, ukarudi jioni runinga ikiwa imesimama wima nyuma ya kiti na mkono wako juu yake. Kama wewe ni wa Nakuru na tofauti inazidi elfu sita au saba, nenda.

Zile za mitumba, ambazo watu huita ex-UK, nazipitia haraka. Kuna nzuri, na plagi ya Uingereza ina miguu mitatu kama yetu kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Lakini taa za nyuma ya kioo zimeshatumika miaka, na dhamana ni maneno ya muuzaji. Washa skrini nyeupe tupu uone kama kuna kona yenye kivuli au mstari. Kama hujui kuangalia, nenda na fundi, umlipe kwa muda wake.

Lipa polepole

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za watu wa huku zinapotelea wakati wa sikukuu.

Tuseme runinga ni 55,000 taslimu. Kwa lipa polepole unaweka 15,000, kisha 200 kila siku kwa siku 300. Mia mbili kwa siku inasikika kama nauli. Zidisha: 60,000. Jumlisha na ile 15,000, unapata 75,000. Umelipa 20,000 juu ya bei, yaani zaidi ya theluthi moja. Na kama ile bei ya taslimu ilikuwa imepunguzwa kwa asilimia 15 kwa ajili ya msimu, kwako punguzo hilo halikuwepo kabisa. Uliza kila mara swali moja: jumla yote nitakayolipa hadi siku ya mwisho ni ngapi? Uandikiwe kwenye karatasi. Muuzaji anayekutajia tu malipo ya siku, mwulize mara ya pili.

Sisemi mkopo ni dhambi. Mama mwenye kibanda cha kuonyesha mpira Kondele au Nyalenda, ambaye runinga itamrudishia pesa kila wikendi, anaweza kufanya hesabu na ikamkubali. Kwa sebule ya nyumbani, chama kinachokopesha kwa riba ndogo, au Sacco yako, karibu kila mara ni nafuu. Au ununue inchi 43 kwa pesa uliyo nayo. Hakuna mgeni atakayekusema.

Ukubwa: pima kwanza ukuta, kisha kochi

Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, kwa hiyo haikuambii kama itaingia kwenye kabati. Hivi ndivyo kioo chenyewe kilivyo, na umbali ambao mtu anakaa vizuri kwa picha ya 4K:

| Inchi | Upana (sm) | Kimo (sm) | Umbali wa kochi |
|---|---|---|---|
| 43 | 95 | 54 | karibu mita 1.7 |
| 55 | 122 | 69 | karibu mita 2.2 |
| 65 | 144 | 81 | karibu mita 2.6 |
| 75 | 166 | 93 | karibu mita 3 |

Makabati mengi ya TV yaliyochongwa na mafundi wetu yaliachiwa nafasi ya inchi 43, au hata 32. Inchi 55 haitaingia humo, na miguu yake imekaa mbali mbali, karibu na ncha, kwa hiyo meza fupi nayo haiifai. Basi ongeza breketi kwenye bajeti, na fundi wa kutoboa ukuta. Ukuta wa matofali hauna shida. Ukuta wa udongo uliopigwa plasta unahitaji ubao imara nyuma.

Kutoka 55 kwenda 65 unapata eneo la picha zaidi kwa asilimia 40 hivi. Ni nyingi, na kwa mpira unaiona. Lakini kubwa huikuza pia picha mbaya. Kama unachotazama ni king'amuzi cha bure na GOtv, picha nyingi zinazokuja humo hazina ubora wa juu, na ukikaa mita mbili mbele ya inchi 65 utaona nyuso zimepauka na jezi zina ukungu. Runinga ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8, ile ya Full HD milioni 2 tu, na king'amuzi cha kawaida kinatuma chini ya hapo. Runinga inabuni zinazokosekana. Ya bei nzuri inabuni vizuri, ya bei ya chini inabuni vibaya, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuchagua 55 nzuri kuliko 65 ya kubahatisha.

Kwa mwenye fayba nyumbani anayetazama Netflix au YouTube, mambo ni mengine, maana picha safi ipo. Netflix wanapendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K, na saa moja ya 4K inaweza kula hadi gigabaiti 7. Ukitumia bando la simu, utatazama kwa ubora wa chini hata kama runinga ni ya kifalme.

Usisahau tokeni. Inchi 55 ya LED hula karibu wati 120. Saa tano kwa siku, mwezi mzima, ni yuniti 18 hivi. Inchi 75 yenye wati 200 ni yuniti 30. Wati zimeandikwa kwenye kile kibandiko cha nyuma.

LED, QLED, OLED

LED ya kawaida inawatosha wengi. QLED ni LED iliyoongezewa tabaka la kuchangamsha rangi, na kwa sebule zetu za Kisumu zenye madirisha makubwa na jua la saa tisa alasiri, mwangaza wake wa ziada una kazi. OLED kila nukta inajiwakia yenyewe, weusi wake ni weusi kweli, na filamu usiku inapendeza mno. Bei yake bado ni ya juu, na picha isiyosogea, kama nembo ya stesheni inayokaa pembeni kutwa nzima, inaweza kuacha alama baada ya muda mrefu. Kwa nyumba ambayo TV inawaka kwenye habari kuanzia asubuhi, siishauri.

Neno HDR kwenye boksi, yaani picha yenye mwanga na giza vinavyotofautiana zaidi, lisikuvute. Runinga za bei ya chini huipokea picha ya HDR lakini hazina mwangaza wa kuionyesha.

Kuhusu mfumo, Google TV, webOS ya LG, Tizen ya Samsung na VIDAA ya Hisense zote zinafanya kazi. Unaotakiwa kuuogopa ni ule ulioandikwa tu "Android" bila idhini ya Google: programu ya Netflix humo inaweza isifunguke kabisa, au ikafunguka kwa picha duni. Iwashe dukani kwa intaneti ya simu yako uone.

Stima na radi

Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na Kisii, Kakamega na vilima vya Nandi tunazijua mvua zao za alasiri. Juu ya hapo kuna stima inayokatika na kurudi kwa kishindo. Dhamana karibu zote zinakataa uharibifu wa radi na wa umeme uliopanda. Soma karatasi yake, utaona kifungu hicho. Jirani yangu wa Manyatta alinunua runinga nzuri mno Desemba, ikaungua Machi kwa mvua moja, na duka likamwonyesha mstari huo huo mdogo. Alikuwa amechomoa plagi lakini antena ya juu ya nyumba ilikuwa bado imechomekwa, na radi ikapitia huko.

Kwa hiyo kwenye bajeti yako gadi ya TV inakuja kabla ya inchi za ziada. Gadi hukata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, na ukirudi inasubiri kidogo utulie kabla ya kuuruhusu. Haizuii radi iliyopiga karibu. Radi ikianza, chomoa vyote: plagi, antena, kebo ya king'amuzi. Kama nyumba yako haina waya wa ardhini uliofungwa vizuri, fundi wa stima akutengenezee kabla ya Krismasi, na hata friji itakushukuru.

Hapa pia ndipo kituo cha huduma kinapoonekana maana yake. Dhamana ya mwaka 1 au 2 utaahidiwa karibu kila mahali. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: ikizima Aprili, nailetea nani, hapa Kisumu au inapelekwa Nairobi, na nauli ni ya nani? Chapa mbili za bei sawa zinaweza kutofautiana kwa jibu hilo tu, na mimi huchagua kwa jibu hilo.

Novemba, Krismasi au Januari?

Black Friday ni Ijumaa inayofuata Alhamisi ya nne ya Novemba, desturi ya Marekani, lakini hapa maduka huivuta mwezi mzima. Wiki zake za kwanza ndizo zenye mzigo mwingi, na mabasi bado hayajajaa, kwa hiyo kama unaagiza kutoka mbali, nunua wakati huo. Kuanzia katikati ya Desemba naona bei zinatulia na kuwa ngumu: watu wana bonasi, wamefunga chama, muuzaji hana haja ya kubembeleza. Wiki ya Krismasi ndiyo siipendekezi kabisa.

Mwenye subira asubiri Njaanuari. Shule zinafunguliwa, karo imemeza kila kitu, duka limebaki na runinga ambazo hazikununuliwa na kodi ya chumba inadai. Ukiingia na pesa taslimu tarehe 10 Januari, unasikilizwa kama mfalme. Uchaguzi wa modeli ni mdogo, hilo ni kweli. Miaka ya mashindano makubwa nayo, kama AFCON ya 2027 ambayo Kenya inaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, maduka hutangaza ofa za mpira. Wewe fuata picha yako ya skrini ya miezi miwili nyuma uone kama ni ofa.

Siku yenyewe

Hakikisha boksi halijafunguliwa, kisha lifunguliwe mbele yako. Namba ya mfululizo iliyo kwenye boksi ifanane na iliyo nyuma ya runinga na ile watakayoandika kwenye kadi ya dhamana, kadi ipigwe muhuri na tarehe. Washa YouTube, tafuta skrini nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na nyeusi, moja moja, ukitafuta nukta isiyobadilika na kona zenye mwanga unaovuja. Jaribu kila tundu la HDMI. Chomeka antena na utafute stesheni, maana si kila runinga ya kutoka nje ina king'amuzi cha DVB-T2 ndani, ule mfumo wetu tangu tulipohama kutoka analogi 2015. Fundi wa duka akisema "tuko na wateja wengi leo", subiri wapungue.

Chukua risiti ya KRA, si karatasi ya kitabu. Na kama risiti imegongwa mhuri wa "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi", usiogope. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji akupe bidhaa ya ubora unaofaa, na maandishi ya kukuondolea haki hiyo hayana nguvu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasimama nyuma yake. Ukikwama, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji, na kilicho mkononi mwako, risiti, kadi, picha ya kibandiko, ndicho watakachokuuliza kwanza.

Isafirishe ikiwa wima, kamwe isilazwe, kwa Probox au pikapu badala ya boda. Boksi lake na zile povu za ndani ziweke juu ya kabati au chumba cha nyuma hadi muda wa kurudisha upite, na ikiwezekana hadi dhamana iishe. Kituo cha huduma kikitaka iende Nairobi, hakuna fundi atakayekuchongea boksi linaloikaa vizuri kuliko lile.